Kompyuta Niliyoiosha Damu

Mkwe wangu alimpiga binti yangu kwa kompyuta. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu nikitaja kompyuta watu hutabasamu, wakidhani bibi wa Mzenga anataka kuwachekesha. Sichekeshi. Ilikuwa kompyuta ya binti yangu mwenyewe, ile ya kukunja kama kitabu, aliyokuwa akichapia barua za watu kwenye kibanda chake pale Soga, karibu na stesheni ya treni mpya. Siku hiyo alikuwa hajaondoka nyumbani. Mwanaume aliikuta imefungwa mezani, akaishika kwa mikono miwili, akampiga nayo shavuni. Kona yake ikaingia kwenye taya. Alipoanguka akampiga tena mgongoni, na tena kwenye mkono aliojikingia. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mlango uko wazi, maharage yanachemka jikoni.

Kisa chenyewe kilikuwa nini sijui, na sijauliza mpaka leo. Labda chumvi, labda simu. Mwanaume yule alikuwa dereva wa lori la mchanga, na akiamka vibaya hakosi la kusema.

Jirani alinipigia simu kesho yake, nami nikapanda bodaboda mpaka Kibaha, hospitali ya Tumbi. Nilimkuta binti yangu kichwa kimefungwa bandeji, uso umevimba mpaka jicho moja halionekani, mdomo umefungwa kwa waya ili taya lisicheze. Mimi nimezaa wanne na nimeosha maiti wengi, lakini wangu pale nilimtambua kwa miguu. Hakuweza kusema. Akaomba kalamu kwa mkono, akaandika nyuma ya boksi la dawa. Nilisoma kwa kidole, herufi moja moja, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Aliandika hivi: Mama, kachukue kompyuta. Iko sakafuni. Atasema nimeanguka. Picha zote ziko humo.

Nilimwuliza picha gani. Akaandika: Za kila alichonifanya.

Halafu akaninyang'anya boksi, akaongeza mstari mmoja, akaupigia kistari chini mara mbili. Akitoka bila kesi ataniua.

Ndivyo nilivyojua. Kila alipopigwa alikuwa akijipiga picha kwa simu. Simu ya kwanza mume aliitumbukiza chooni, ya pili aliivunja kwa nyundo. Kwa hiyo binti yangu akajifunza kuzihamishia picha kwenye kompyuta siku ileile, kwa sababu mwanaume aliiona ile mashine kuwa ni chombo cha kazi tu, kama cherehani. Hakujua kwamba amehifadhiwa humo.

Nikaenda polisi, dawati la wanawake na watoto. Askari mwanamke alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Aliniambia mume amekwisha kuhojiwa, amesema mkewe alijikwaa kizingitini akiwa amebeba hiyo kompyuta, na amewekewa dhamana, yuko nje. Jirani amesema alisikia kelele lakini hakuona. Binti yangu ameandika maelezo yake kitandani, lakini hayo ni maneno yake dhidi ya maneno ya mume. "Mama," akaniambia, "kama hizo picha zipo, niletee. Nikiwa nazo nitajua pa kumshikia."

Nyumba ya Soga niliikuta wazi. Sitaki kueleza sana ile sakafu. Niliokota jino lake moja chini ya kabati, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Kompyuta ilikuwa imelala kifudifudi, imefunguka, karibu na mguu wa meza. Nilipoigeuza, damu ilikuwa imekaukia katikati ya herufi, nyeusi, na nywele zake zilikuwa zimenasa kwenye bawaba. Nikaibeba mpaka kwangu Mzenga, maana niliona pale Soga yule mtu angeirudia.

Sasa nitaeleza nilichofanya, na sitajitetea.

Mimi ni kungwi. Kwetu Kisarawe mwali akivunja ungo anawekwa ndani, na kungwi ndiye anayemfundisha. Kwa miaka mingi nimewafundisha wasichana wa huku, na wa kwanza kabisa niliyemfundisha kwa mkono wangu ni huyu binti yangu, ingawa desturi inataka afundishwe na mwingine. Somo la mwanzo ni damu. Damu ya mwanamke haionekani na mtu. Kitambaa unakifua mwenyewe, kwa maji baridi, kabla jua halijapanda, na unakianika ukikifunika kwa nguo nyingine. Baba asikione, kaka asikione, mgeni asikione. Mwali aliyesahau kitambaa kamba ya nje nilimchapa. Nimewachapa wengi.

Basi nilipofika nyumbani na ile kompyuta ina damu ya mwanangu, mikono haikuniuliza. Nilichota maji, nikatia sabuni ya unga, nikachukua brashi ya kufulia. Nikaisugua juu na chini. Damu iliyoingia kati ya herufi haikutoka, kwa hiyo nikamwagia maji kikombe kizima, nikaitingisha, nikamwaga, yakatoka mekundu. Nikamwagia tena na tena, kila mara mekundu. Nilikuwa nalia huku nasugua, na moyoni nikijiona nafanya jambo la heshima, kwamba nikiipeleka kwa wanaume wa kompyuta wasije wakaona damu ya binti yangu. Ilipotakata nikaianika kwenye mkeka wa makopa ya muhogo, nikaifunika kanga.

Ilipokauka juu, nikabonyeza pale nilipokuwa nikimwona yeye akibonyeza. Taa ndogo ikawaka, ikazimika, ikatoka harufu kama ya pasi inayounguza nguo. Nikabonyeza tena na tena. Haikuwaka. Nikairudisha juani.

Mkwe alikuja siku ya pili, mchana. Pikipiki ya kukodi aliiacha na mwenyewe barabarani, akapiga hodi vizuri kama siku ya posa.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Mpaka leo neno hilo linanikaa vibaya mdomoni.

Akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, kana kwamba ni malaria. Halafu akasema jirani amemwambia nimeibeba mashine, na amekuja kuichukua, ni mali ya nyumbani kwake. Nikamwambia kwangu hakuna mali yake. Macho yake yakaenda kwenye mkeka. Kanga ilikuwa imepeperuka, kona ya kompyuta inaonekana katikati ya makopa.

"Mama, mimi sitaki kukukosea adabu," akasema, na papo hapo akanisukuma.

Nilianguka juu ya mkeka, muhogo ukaruka huku na huku. Alipoinama kuichukua nikamng'ata mkono. Sikung'ata kwa kutishia. Niling'ata mpaka nikaonja chumvi ya damu, na alipouvuta mkono, ngozi ilibaki kwenye meno yangu. Akanipiga kofi la sikio, dunia ikalia kama kengele. Nikatambaa mpaka kwenye kinu, nikaushika mchi. Mchi wa mkongo, mzito, nimetwangia miaka yote ya ndoa yangu. Nikamtandika nao kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti. Nilisikia ule mlio. Akapiga ukelele, akaniwahi mkono, akavizungusha vidole vyangu mpaka kimoja kikavunjika. Hiki cha katikati, hakikunjiki tena mpaka leo.

Kisha hakunijali tena. Akaiweka kompyuta chini, akaikanyaga kwa kisigino cha buti. Kioo kikapasuka. Akainyanyua, akaipiga kwenye mdomo wa kinu mara tatu, mpaka kifuniko kikabaki kinaning'inia kwa waya mmoja. Alikuwa anahema kama aliyemaliza kulima. Akaitupa miguuni pangu.

"Haya, mama. Hiyo imekufa. Izikeni."

Akaondoka anachechemea, na alipofika barabarani nilimsikia anacheka na mwenye pikipiki.

Na mimi niliamini imekufa. Mimi nilidhani picha zinakaa kwenye kioo. Kila nilipoona binti yangu akizifungua zilikuwa pale kiooni. Zingekaa wapi tena? Nikaanza kuokota vigae vya kioo, kimoja kimoja, kwenye mchanga na kwenye muhogo, vile vidogo navyo, vikinikata. Nikavifunga kwenye kitambaa. Kidole nilikifunga kijiti. Kesho yake nikaenda Kibaha.

Pale Maili Moja nilielekezwa kwa fundi ambaye, walisema, anafufua kompyuta zilizoshindikana. Nilitegemea mwanaume. Nikamkuta mwanamke wa umri wa binti yangu, ushungi ameurudisha nyuma ya masikio, miwani imeshuka puani, mezani amezungukwa na simu zilizofunguliwa matumbo. Akaniamkia, nikaitikia, nikauweka mzigo mbele yake. Akaigeuza chini juu.

"Bibi, hii imegongwa na gari?"

"Imempiga mtu. Halafu na yenyewe ikapigwa."

Hakucheka. Nikafungua kile kitambaa, nikamwaga vigae vya kioo mezani, nikamwuliza kama ataweza kuviunganisha ili picha zirudi. Alivitazama, akaniangalia vidole vilivyokatwakatwa, akavikusanya kwa kadi akaviweka pembeni taratibu.

"Kioo ni uso tu, bibi. Picha haziko usoni. Ziko ndani, kwenye kijibao. Huyo aliyevunja kioo amejisumbua bure." Akainusa ile mashine. "Mbona inanuka sabuni?"

Nikamwambia niliiosha.

"Uliiosha kompyuta?"

"Ilikuwa na damu."

Akaweka bisibisi chini. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila ukali, kwamba ile damu polisi wangeihitaji. Kwamba damu ya binti yangu kwenye kona ya kompyuta ilikuwa inasema alipigwa nayo, haikuwa inasema alijikwaa. Mimi kwa mawazo nilikuwa sijafika huko. Nilikuwa nimemsaidia yule mtu kuliko ndugu zake wote. Fundi akauliza kama baada ya maji niliiwasha. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Akavuta hewa kwa meno.

"Basi tuombe Mungu moto haukufika kwenye kijibao."

Akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na maji bado, na povu lililokauka, na sehemu moja imeungua nyeusi. Kutoka pembeni akachomoa kitu chembamba, kirefu kama kidole. Nikamwuliza, ndicho hicho? Akasema ndicho hicho, maisha yake yote ya kompyuta yamo humu. Meno ya kile kijibao yalikuwa yameota ukijani. Akayasugua kwa spiriti na mswaki, akayapuliza kwa mashine, akakiacha kikauke, kisha akakichomeka kwenye kikasha chenye waya, na waya kwenye kompyuta yake.

Hakuna kilichotokea.

Akakitoa, akachukua raba ya kufutia ya watoto wa shule, akayasugua yale meno tena, polepole, kama mtu anayepangusa jicho. Akakirudisha. Safari hii kompyuta yake ikatoa mlio, na maandishi yakatokea. Akaniambia inasema haikielewi hiki, inauliza kama ifute yote ianze upya. Nilimshika mkono. Akasema, "Tulia bibi, sijasema ndiyo." Akakataa. Akafungua programu nyingine, akaeleza kwamba hii inapita humo ndani kama mtu anayeokota mahindi yaliyomwagika, punje kwa punje, haijui ni ya nani, inaokota tu.

Ilichukua saa nyingi. Nilikaa kwenye stuli nikitazama mstari wa kijani ukisogea. Sikula. Fundi alinipa maji, akanifunga kidole upya vizuri zaidi.

Vilipoanza kutoka, vilitoka ovyo, bila majina. Kadi ya harusi. Tangazo la msiba. Barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi. Picha ndogo za watoto wa shule, shati jeupe, wanaangalia mbele. Halafu bega la binti yangu, limevimba kama andazi, lina rangi ya zambarau. Halafu kadi nyingine ya harusi. Halafu shingo yake yenye alama za vidole, vinne upande huu na kimoja upande wa pili, nilivihesabu. Paja lililochomwa kwa pasi, umbo la pasi limeonekana lote mpaka ncha. Mdomo uliopasuka. Ratiba ya kikao cha kijiji. Sikio linalotoa damu. Kichwa ambako nywele zimeng'olewa, ngozi inang'aa kama ya mtoto mchanga. Kila picha ilikuwa na siku yake. Fundi aliziweka upande mmoja, na mara moja alivua miwani akaifuta na haikuwa na uchafu.

Na mimi nilikuwa nazikumbuka zile siku. Hiyo ya shingo ilikuwa Idi. Alikuja kwangu amejitanda mtandio mpaka kidevuni, nikamsifu kwa kujistiri.

Ikatoka sauti. Fundi akasema hii si picha, ni kitu kilichorekodiwa, tukisikilize. Akabonyeza. Nikasikia jogoo wangu. Halafu nikasikia mtu anaongea kwa ukali, na ikanichukua muda kujua kwamba ni mimi.

Binti yangu alikuwa anasema, "Mama, safari hii ameshika kisu."

Na mimi nasema, "Ameshika. Amekuchoma?"

"Hajanichoma."

"Basi rudi ukamwombe radhi. Nilikufundisha nini mimi? La chumbani linatoka nje? Watu wa hapa mabinti zao nawafunda mimi, halafu wangu ndiye anarudi na begi. Sikukuzaa uje kunivua nguo hapa Mzenga. Rudi leo leo, usilale kwangu."

Jogoo akawika tena, ikakatika.

Fundi hakunigeukia. Akasema picha atazitia kwenye flashi niwapelekee polisi. Akauliza, na hii sauti aitie au aiache?

Nikasema iache.

Akasema sawa. "Mimi naokoa tu, bibi. Kuchagua ni kwako."

Nilifikiri hivi, na nayasema kama nilivyoyafikiri: picha zinatosha. Sauti itafanya nini? Itanivua mimi nguo, basi. Na yule mtu ataishika aseme, mnaona, hata mama yake aliona mwenye kosa ni mwanamke. Huo ulikuwa udhuru mzuri na niliushika kwa mikono miwili.

Mashine ikaendelea kuokota. Picha iliyofuata ilikuwa ya mgongo. Mgongo mzima, umepigwa waya, mistari imepishana, mingine imepasuka na nguo imegandia. Alikuwa amejipiga kwa kugeuza simu juu ya bega. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa makuti na ndoo ya bluu yenye mpini uliofungwa kamba. Bafu langu. Ndoo yangu. Ilikuwa siku ileile ya ile sauti, fundi alinionyesha saa zake. Picha ilitangulia kidogo. Alikuja kwangu, akaingia bafuni kwanza, akajipiga picha, akatoka nje ili anionyeshe mgongo. Sikumwacha afike kwenye mgongo. Nilianza kusema akiwa bado amesimama na mtandio mabegani.

Nikamwambia fundi, "Ile sauti irudishe. Itie."

"Una hakika, bibi?"

"Itie, mwanangu, kabla sijabadilika."

Polisi nilikwenda siku ileile. Yule askari mwanamke alizitazama zote, na zilipoisha akaisikiliza sauti, mimi nikiwa nimeketi mbele yake. Jogoo akawika ofisini kwake. Akauliza, "Anayesema ni nani?" Nikasema ni mimi. Akauliza kama nakubali aandike hivyo. Nikasema andika. Na kidole changu na kofi navyo vikaandikwa. Walimkamata jioni ile machimboni kwenye mchanga, bado anachechemea, na bandeji mkononi nilipomng'ata.

Nilirudi Tumbi kumwambia binti yangu. Aliposikia amekamatwa, akafumba lile jicho moja, machozi yakashuka mpaka kwenye waya. Halafu akaomba kalamu. Aliandika: Sauti umeisikia?

Nikasema nimeisikia, na nimewapa.

Akaandika tena, kwa haraka, na nilipata tabu kusoma: Nilirekodi ili nikifa wajue nilisema.

Kisha akageukia ukutani. Nilikaa naye mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ulipoisha, na hakugeuka.

Mahakamani mwanaume yule alinipa heshima zote. Aliniita mama. Alipopewa nafasi ya kuniuliza maswali, aliuliza kwanza iko wapi damu kwenye hiyo kompyuta aliyodaiwa kumpigia mkewe. Hakimu naye akanigeukia, akataka kujua kwa nini niliiosha. Nikaeleza. Nilisimama pale mbele ya wanaume nikaeleza somo la damu tunalomfundisha mwali, neno kwa neno, jambo ambalo kungwi halitoi nje hata kwa mumewe. Wanawake wawili wa Mzenga waliokuja kusikiliza waliinuka wakatoka. Nikaendelea. Nikasema niliiosha kwa sababu nilikuwa nimefundisha hivyo maisha yangu yote, na ilikuwa damu nyingi, na maji yalitoka mekundu mara tatu.

Halafu yeye akaomba ile sauti isikilizwe tena. Alikuwa akitabasamu kidogo.

"Mama, si wewe uliyemwambia akaniombe radhi? Wewe mwenyewe uliona kosa ni lake. Sasa kosa langu liko wapi?"

"La kwako liko kwenye taya lake," nikamwambia. "La kwangu ni hilo linalosikika hapo, na nimekuja kulisema kwa mdomo wangu. Wewe la kwako umelisema?"

Hakimu akaniambia nijibu nilichoulizwa tu. Nikasema nimemaliza.

Alifungwa. Miaka siitaji, maana kila ninayemtajia anaanza kuniambia mingi au michache, na mimi sikuwa nimeenda sokoni. Ilimtosha binti yangu kuhama Soga, kutafuta chumba upande mwingine wa Kibaha na kufungua kibanda kipya, na hilo ndilo tulilolitaka. Kwangu hakuja kukaa. Sikumwomba.

Siku ile ya hukumu alikuwa amekwisha kutolewa waya. Taya limepona likiwa limepinda, na maneno yanatoka kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Tulipotoka nje kulikuwa na jua kali na watu wengi kwenye ngazi. Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko, ngazi zile ni ndefu na yeye bado alikuwa dhaifu.

"Usinishike, mama," akasema. "Bado."

Nikaurudisha mkono. Akashuka mwenyewe, akishika ukuta, nami nikashuka nyuma yake, ngazi mbili nyuma, mpaka chini.